Mzigo Unapoanguka: Rehema na Msamaha katika "Safari ya Msafiri"

Kitabu cha John Bunyan tunachokijua kwa Kiswahili kwa jina la "Safari ya Msafiri" kimo katika nyumba nyingi za Wakristo, kando ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Wengi wetu tulisimuliwa habari zake kabla hatujajua kusoma: mtu mwenye mzigo mgongoni, dimbwi la matope, simba wawili njiani, jitu katili na ngome yake. Kwa kuwa tumekizoea, tunakisoma haraka, na kwa kuwa tunakisoma haraka tunadhani kinafundisha jambo moja tu, kwamba njia ni ngumu, basi vumilia, taji iko mwisho.

Katika insha hii tunataka kukipima kitabu hiki kwa swali moja. Msafiri anaipata wapi rehema ya Mungu? Anaipata mwanzoni, katikati, au mwisho wa njia? Swali hili haliwahusu wasomi peke yao. Jibu lake ndilo linaloamua jinsi tunavyompokea ndugu aliyeanguka, na jinsi kila mmoja wetu anavyolala usiku akiikumbuka dhambi yake. Majina ya watu na mahali tutayataja kwa maana yake. Msomaji asishangae akikuta maneno tofauti kidogo katika nakala yake.

Kwanza tumkumbuke mwandishi. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Kazi yake ilikuwa ya ufundi wa kutengeneza na kuziba vyungu vya chuma na sufuria, kazi ya mtu anayezunguka na vyombo vyake begani. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri nje ya utaratibu wa kanisa lililotambuliwa na serikali, akakaa gerezani miaka 12. Angeweza kutoka mapema kama angeahidi kunyamaza. Hakuahidi. Nyumbani aliacha mke na watoto wanne, mmoja wao binti asiyeona, naye akiwa kifungoni alitengeneza kamba za viatu ili wapate riziki. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilitoka mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684.

Kuna jambo jingine la kujua juu yake. Katika kitabu alichotoa mwaka 1666 kueleza maisha ya roho yake, Bunyan anasimulia jinsi alivyoteswa muda mrefu na wazo kwamba amemuuza Kristo kama Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, na kwamba kwake mlango wa msamaha umefungwa. Kwa hiyo aliyeandika habari za mzigo alikuwa ameubeba. Mithali yetu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa Bunyan mzigo wa msafiri si usufi hata kidogo, na ndiyo maana tunamwamini anapousimulia.

Sasa tutazame mzigo wenyewe. Mkristo, ndilo jina la msafiri, anaujua mzigo wake kwa kusoma Kitabu kilicho mkononi mwake. Majirani zake hawauoni. Anapoanza safari anaanguka katika Dimbwi la Kuvunjika Moyo, na mzigo ndio unaomzamisha. Akitoka hapo anakutana na Bwana Hekima-ya-Dunia, mzee mwenye heshima zake, anayemshauri aende kijiji cha jirani ambako yuko mtu anayejua kuitua mizigo kwa njia ya sheria na mwenendo mwema. Mkristo anakubali. Lakini anapokikaribia kilima kilicho juu ya njia ile, mzigo unazidi kuwa mzito, na kilima kinaonekana kama kinataka kumwangukia. Bunyan anajua jambo ambalo kila mwenye dhamiri iliyojeruhiwa analijua, kwamba ukimwambia mtu ajitahidi kuwa mwema ili apate amani, unamwongezea mzigo.

Kisha Mkristo anafika kwenye Mlango Mwembamba, anabisha, anafunguliwa. Anaomba atuliwe mzigo, naye anaambiwa avumilie kuubeba mpaka afike mahali pa kufunguliwa. Anapita Nyumba ya Mfasiri, anaonyeshwa mambo mengi, na bado mzigo uko mgongoni. Hatimaye anafika penye Msalaba, na chini kidogo pana kaburi. Anautazama Msalaba. Mzigo unalegea mabegani, unaanguka, unaviringika mpaka kwenye mdomo wa kaburi, unaingia ndani na hauonekani tena.

Tunaomba msomaji aone jinsi jambo hili lilivyotokea. Kwetu, mtu mwenye mzigo mzito humwita mwenzake aje amtue, maana aliyetwikwa gunia hawezi kulishusha peke yake bila kulimwaga. Hapa hakuna aliyekuja kumtua. Mkristo mwenyewe hakufungua kamba wala hakuinama. Hakuna mchungaji aliyesimama hapo kupima kama machozi yake yametosha. Alitazama tu, na mzigo ukaanguka. Baada ya hapo ndipo wanapokuja Wang'avu watatu. Wa kwanza anamtangazia kwamba dhambi zake zimesamehewa, wa pili anamvua matambara na kumvika mavazi mapya, na wa tatu anamtia alama katika paji la uso na kumpa hati yenye muhuri.

Na haya yote yanatokea mapema katika kitabu. Kilima cha Magumu bado. Apolioni bado. Soko la Ubatili bado. Hilo ndilo jibu la kwanza la swali letu. Mkristo hatembei mpaka mwisho ili asamehewe, anasamehewa kisha anatembea. Anayesoma kitabu hiki kama orodha ya mitihani inayomalizika kwa zawadi ya rehema amekisoma kinyumenyume.

Wako waliomlaumu Bunyan kwamba hata hivyo amechelewa. Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti wa London katika karne ya 19, alikipenda kitabu hiki kuliko karibu vitabu vyote baada ya Biblia. Hata hivyo alisema kwamba Mwinjilisti alikosea kumwelekeza Mkristo kwenye Mlango Mwembamba badala ya kumwelekeza moja kwa moja Msalabani. Lawama hiyo ina uzito. Mhubiri hana ruhusa ya kumwambia mwenye dhambi asubiri. Mwana mpotevu katika Luka 15 hakupangiwa vituo. Baba alimwona angali mbali, akapiga mbio.

Lakini tunadhani Bunyan naye ana la kusema. Mlango unapofunguliwa Mkristo ameshapokelewa, ijapokuwa bado hajisikii mwepesi. Wako waumini wengi wa namna hiyo. Wamebatizwa, wanaimba, wanashiriki Meza ya Bwana, wanaamini kwamba Mungu husamehe, na bado mgongo unauma. Bunyan, aliyepita miaka ya mateso ya aina hiyo, hakutaka kuwaambia kwamba wako nje. Anawaambia wako ndani ya lango na waendelee kwenda kule Msalaba ulipo. Kama fundisho la kuhubiri, Spurgeon yuko sahihi. Kama picha ya jinsi mioyo ya watu inavyokwenda, Bunyan yuko sahihi, na kitabu chake ni picha.

Je, baada ya Msalaba msafiri hahitaji tena msamaha? Hapa ndipo kitabu kinapotufaa zaidi sisi tulio njiani siku nyingi. Mkristo aliyesamehewa analala usingizi mahali pa kupumzikia tu, na hati yake inamponyoka. Anapogundua, anapiga magoti, anaomba Mungu amsamehe upumbavu huo, kisha anarudi nyuma kuitafuta. Njia ambayo angeipita mara moja anaipita mara tatu. Msamaha haumwondolei kazi ya kurudi, bali humpa ujasiri wa kurudi. Ni tofauti kubwa na mtu anayejificha kwa sababu amepoteza kitu alichokabidhiwa.

Mbele zaidi Apolioni anamzuia bondeni na kumsomea makosa yake moja baada ya jingine: ulizama dimbwini, ulitafuta njia ya mkato, ulilala, ulitaka kurudi ulipowaona simba. Mkristo hakani. Anajibu kwamba hayo ni kweli, tena yako mengi zaidi ambayo mshitaki ameyaacha, lakini Mfalme anayemtumikia ana rehema na yu tayari kusamehe. Hatujui jibu bora kuliko hilo kwa mtu anayeshitakiwa usiku na dhamiri yake. Hajitetei, wala hakati tamaa. Anakubali mashitaka yote, kisha anaitaja rehema.

Halafu kuna uwanja wa kando, ambako Mkristo anamshawishi mwenzake, Mwenye-Tumaini, waiache njia kwa sababu kule kunaonekana laini. Giza linaingia, mvua inanyesha, wanapotea. Kabla hawajakamatwa na jitu liitwalo Kata-Tamaa, Mkristo anamwomba mwenzake msamaha kwa kumpoteza, na Mwenye-Tumaini anamsamehe pale pale, ndani ya mvua, kabla hawajajua kama watapona. Kisha wanafungwa katika Ngome ya Shaka tangu Jumatano mpaka usiku wa Jumamosi, wakipigwa na kushauriwa wajiue. Wanaanza kuomba, na Mkristo anakumbuka kwamba tangu mwanzo alikuwa na ufunguo kifuani, jina lake Ahadi. Rehema waliyoililia walikuwa nayo. Hata katika mto wa mwisho, Mkristo anazikumbuka dhambi zake na kuanza kuzama, na Mwenye-Tumaini anamshika kichwa kisizame. Kwa hiyo jibu letu la pili ni hili: rehema iko mwanzo, na iko tena katika kila hatua, na mara nyingi inafika kwa mkono wa mwenzako wa safari.

Baada ya kusifu, tunalo la kulaumu. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza yupo kijana aitwaye Ujinga. Ameingia njiani kwa kichochoro, bila kupita Mlangoni wala Msalabani, na anajiamini kwa sababu ya moyo wake mwema. Mkristo na mwenzake wanazungumza naye, wanamwonya, naye hakubali. Mwishowe anasema kwamba wao wanakwenda haraka, hawezi kuandamana nao, na wanamwacha nyuma. Anavuka mto kwa mashua ya Tumaini-la-Bure, anafika langoni bila hati, anafungwa mikono na miguu na kutupwa kwenye mlango wa jehanamu ulio kando ya kilima. Karibu maneno ya mwisho ya ndoto ni hayo.

Tunaelewa Bunyan alitaka nini. Ujinga si mwenye dhambi aliyekataliwa, ni mtu asiyeona haja ya kusamehewa, ndugu wa yule Farisayo wa Luka 18 aliyesali akijisifu. Onyo hilo ni la kweli na tusiliondoe. Lakini namna linavyosomwa katika madarasa yetu inatutia wasiwasi. Vijana husikia kwamba majina ni hukumu: aliyezaliwa Ujinga atakufa Ujinga, aliyeitwa Mwoga atabaki mwoga. Na tunajua jinsi tunavyowapa watu majina katika usharika: yule mlevi, yule aliyezaa nje ya ndoa, yule aliyekula fedha za kwaya. Tukiona katika kitabu kitakatifu cha baba zetu kwamba jina ndilo mtu, tutajiona tuna haki.

Mwalimu anayefundisha sehemu ya kwanza asisahau basi jambo dogo linalopita upesi. Mkristo anapoulizwa jina na bawabu wa jumba zuri lililo juu ya kilima, anajibu kwamba sasa anaitwa Mkristo, lakini zamani jina lake lilikuwa Asiye-na-Neema. Kitabu kizima kinasimama juu ya jina lililobadilishwa. Basi hata jina la Ujinga lingeweza kubadilika, kama angekubali kwenda Msalabani.

Na zaidi ya hapo tunashauri kwamba sehemu ya kwanza isisomwe peke yake. Bunyan mwenyewe, miaka sita baadaye, aliandika sehemu ya pili, na kwa maoni yetu aliijibu lawama yetu kabla hatujaitoa. Katika sehemu ya kwanza Mkristo anaziba masikio na kukimbia, akiwaacha mke na watoto wakilia. Katika sehemu ya pili mke huyo, Kristiana, anatubu jinsi alivyomfanyia mumewe ugumu, naye anaondoka na wana wao wanne. Pamoja nao anakwenda msichana wa jirani, na jina lake ni Rehema.

Rehema hana barua ya mwaliko. Kristiana ameletewa barua na Mfalme, lakini yeye hana kitu ila hamu ya kwenda. Wanapofika Mlangoni, Kristiana na watoto wanaingizwa, naye Rehema anabaki nje akitetemeka. Kristiana anaanza kumwombea. Kabla hajamaliza, Rehema anabisha kwa nguvu hata Kristiana anashtuka. Mlango unapofunguliwa, msichana amezimia kizingitini kwa hofu kwamba hatafunguliwa. Bwana wa Mlango anamshika mkono na kumwinua. Hakuna tukio katika vitabu vyote viwili linaloeleza vizuri zaidi namna mtu asiye na haki yoyote anavyopokelewa. Tena baadaye Rehema anaonekana akishona nguo za maskini, na mchumba mmoja anayemtaka kwa sababu ya bidii yake anamwacha anapojua kwamba hashoni kwa ajili ya kuuza. Aliyepokea rehema anaitoa, hata ikimgharimu.

Na sasa tazama mwendo wa safari hii. Wanaongozwa na Moyo-Mkuu, shujaa mwenye upanga. Njiani wanakutana na Moyo-Dhaifu, mtu mgonjwa anayesema kwamba wao wana nguvu na yeye atawachelewesha, afadhali abaki nyuma. Ni maneno karibu sawa na ya Ujinga. Lakini safari hii jibu ni jingine. Moyo-Mkuu anamwambia kwamba kazi aliyopewa ni kuwatia moyo walio dhaifu, na kwamba watamsubiri. Anakuja Mchechemeaji na magongo yake, na wote wanakwenda kwa mwendo wa wasioweza kwenda haraka. Ngome ya Shaka inabomolewa, na walio ndani, Bwana Huzuni na binti yake Hofu-Nyingi, wanatolewa na kuungana nao. Binti huyo anavuka mto akiimba. Bwana Mwoga, aliyeogopa maisha yake yote kwamba hatapokelewa, alivuka maji yakiwa yamepungua kuliko wakati wowote. Majina yale yale ya udhaifu, yaliyoonekana hukumu katika sehemu ya kwanza, hapa yamekuwa magonjwa ya watu wanaotunzwa.

Kama kitabu cha kusimulia, sehemu ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Hadithi inasimama mara nyingi kupisha mafundisho na maswali ya katekisimu, na hatari haziogopeshi sana kwa kuwa Moyo-Mkuu yuko karibu siku zote. Lakini ukweli wake juu ya kanisa ni mkubwa zaidi. Sehemu ya kwanza inaonyesha jinsi mtu mmoja anavyosamehewa. Sehemu ya pili inaonyesha jinsi waliosamehewa wanavyotembea pamoja.

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, mahujaji hukusanyika Namugongo, Uganda, walikochomwa moto vijana Waanglikana na Wakatoliki mwaka 1886. Wengine hutoka Kenya na Tanzania, na wako wanaotembea kwa miguu kwa siku nyingi. Bunyan hakuwa akiandika habari za hija ya namna hiyo, na angetuonya tusidhani kwamba malengelenge ya miguu hununua ondoleo la dhambi. Lakini yeyote anayetembea na kundi anajua kwamba safari haiendi kwa kasi ya mwenye mguu mwepesi. Kundi linamngoja aliyekaa chini ya mti kufunga kidonda, na kumngoja huko hakumfanyi yeyote awe amechelewa.

Swali letu la mwanzo linarudi basi katika sharika zetu. Tuna utaratibu wa kurudi kundini kwa aliyeanguka, nao ni mwema, maana hata Mkristo alirudi nyuma kuitafuta hati yake. Lakini tujiulize tunauendesha kwa roho ya sehemu ipi. Ndugu anapokuja mbele kuungama, je, anakuja kupokea kilichokwisha kutolewa Msalabani, au anakuja kukaguliwa kama amestahili? Je, tunamwombea aliye nje kama Kristiana, au tunapita naye mbali tukisema hawezi mwendo wetu? Na wewe unayesoma, ambaye umeungama mara nyingi dhambi ile ile na bado unaibeba: mzigo unaouhisi mgongoni ulikwisha kuingia kaburini. Apolioni akikusomea orodha yake, ikubali yote, kisha litaje jina la Mfalme wako.

Bunyan alikufa mwezi Agosti 1688. Alikuwa amepanda farasi kwenda mji wa Reading kupatanisha baba na mwanawe waliokosana. Walipatana. Akiwa njiani kwenda London alinyeshewa na mvua kubwa, akapata homa, na baada ya siku chache akafariki. Safari yake ya mwisho duniani ilikuwa ya kumpelekea mtu msamaha wa baba yake.